Yuniti Moja kwa Siku
Somo la kupunguza matumizi ya stima nyumbani

Katika vikundi tunavyovitembelea hapa Changamwe, Mikindani na Miritini kuna lalamiko ambalo halikosi hata siku moja. Tokeni hazikai. Mama ananunua za shilingi mia mbili Jumatatu, Alhamisi nyumba ina giza. Wengine wanasema mita imeharibika, wengine wanasema kuna mtu amejiunga kwenye waya wao, na wengine wamekata tamaa na kurudi kwa koroboi na mshumaa, huku waya wa stima umepita juu ya dari yao. Mita mbovu zipo, na wezi wa stima wapo. Lakini tumekaa na familia nyingi tukahesabu pamoja, na mara nyingi tumegundua kwamba mita inasema kweli. Ni vyombo vya nyumba ndivyo vinavyokula, na vinakula bila mwenyewe kujua.

Somo hili lisomwe kalamu ikiwa mkononi. Kuna hesabu kidogo, lakini ni ile ya kuzidisha na kugawanya tu. Aliyemaliza darasa la tano ataiweza, na asiyeiweza amwite mtoto wake.

Yuniti ni nini?

Kila chombo cha stima kina maandishi madogo mgongoni au chini yake. Humo utaona tarakimu ikifuatwa na herufi W. Hizo ndizo wati, yaani nguvu ambayo chombo hicho kinavuta kikiwaka. Chombo cha wati 1,000 kikiwaka kwa saa moja kamili kimekula yuniti moja. Cha wati 100 kinaweza kuwaka saa kumi ndipo kimalize yuniti hiyo hiyo. Basi kanuni ni hii: wati mara saa, halafu gawa kwa 1,000. Jibu ni yuniti.

Kwa nini tumesema yuniti moja kwa siku? Viwango vya bei vilivyoanza Aprili 2023 viliwagawa wateja wa nyumbani katika madaraja matatu: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaopita 30 hadi 100, na wanaopita 100. Bei ya msingi wakati huo ilikuwa kama shilingi 12 kwa yuniti katika daraja la kwanza, zaidi ya 16 katika la pili, na karibu 21 katika la tatu, kabla ya kodi na ada nyingine kuongezwa. Kabla ya hapo, tangu Novemba 2018, nafuu ya daraja la chini ilifika hadi yuniti 100. Ndiyo maana watu wengi walishtuka mwaka wa 2023 na kudhani kwamba wameibiwa. Hawakuwa wamebadilisha chochote nyumbani. Mstari ndio uliosogezwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba daraja lako linatokana na wastani wa matumizi ya miezi mitatu, na ukishavuka mstari unalipia yuniti zako zote kwa bei ya daraja jipya, si zile za ziada peke yake. Tuseme ulitumia yuniti 28 mwezi wa Oktoba, 28 Novemba, halafu Desemba wageni wakaja na ukatumia 40. Jumla ni 96. Gawa kwa tatu, unapata 32. Umevuka. Januari, wakati karo na sare za shule zinakungoja, stima nayo imepanda. Bei hubadilika, kwa hivyo angalieni risiti zenu za karibuni. Lakini mwenye mita ndogo ya nyumbani akikumbuka yuniti moja kwa siku, atakuwa na kipimo cha kumwongoza.

Kinachotoa joto ndicho kinachokula

Tukiwauliza wanakikundi ni kitu gani kinakula stima sana, wengi wanajibu: taa. Wengine wanasema chaja ya simu, na tumeona wazee wakiwagombeza watoto kwa sababu ya chaja iliyosahaulika ukutani. Hebu tupime. Chaja ya simu hutumia kama wati 5 hadi 10, kwa saa mbili hivi. Kwa mwezi mzima hiyo ni karibu nusu yuniti. Ikiachwa ukutani bila simu haifikishi hata wati moja. Kuichomoa ni tabia njema, hasa kwa ajili ya usalama, lakini si hapo pesa zinapotorokea.

Pesa zinatorokea kwenye joto na baridi. Chombo chochote kinachotengeneza joto kwa stima, yaani koili ya kupikia, birika, pasi, shawa ya maji moto, kinavuta wati kuanzia elfu moja kwenda juu. Na friji, ambayo kazi yake ni kuliondoa joto, haivuti nyingi kwa wakati mmoja lakini hailali. Inafanya kazi usiku na mchana, Jumapili na sikukuu.

Hata balbu ya zamani, ile ya kioo yenye uzi unaong'aa ndani, tunaweza kuiita jiko dogo. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za stima inayokula zinageuka joto, na kinachobaki ndicho mwanga. Anayefuga vifaranga anajua jambo hili, maana ndiyo balbu anayoitundika kuwatia joto. Kwa vifaranga ni sawa. Lakini sebuleni kwako Mombasa, mwezi wa Februari, unalipia joto usilolihitaji, halafu unalipia na feni ya kulifukuza.

Balbu

Balbu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa tano kila jioni, inakula yuniti 9 kwa mwezi. Nyumba yenye balbu tatu za aina hiyo imekula 27. Yaani familia imekaribia kumaliza yuniti zake 30 kwa mwanga peke yake, kabla ya kuwasha redio. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga ule ule, na kwa saa zile zile inakula yuniti 1 na kidogo, tuseme 1.35. Tatu zinakula 4. Taa ya nje inayolinda mlango usiku kucha, saa kumi na mbili, inakula karibu yuniti 22 kwa mwezi ikiwa ya zamani, na 3 ikiwa LED.

Katikati ya hizo mbili kulikuja balbu za CFL, zile nyeupe zilizojisokota. Wengi wetu tunazikumbuka, maana mwaka wa 2010 zaidi ya milioni moja ziligawiwa nchini, mteja akirudisha balbu yake ya zamani anapewa hiyo mpya. Zilisaidia sana, zilikula kama robo tu ya balbu za zamani. Ikiwa bado unazo na zinawaka, usizitupe, zimalize kwanza. Lakini fahamu kwamba ndani yake kuna zebaki kidogo sana, na zebaki ni sumu. Ikivunjika, fungua madirisha, watoto watoke nje kwa kama robo saa, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu, si kwa mkono mtupu wala kwa ufagio, uvifunge ndani ya chupa au mkebe. LED hazina zebaki.

Sasa wengi wanatuambia, "Hizo LED tulinunua, zikafa baada ya miezi miwili." Ni kweli. Balbu nzuri ya LED hudumu saa 15,000 au zaidi, na ile ya zamani kama saa 1,000. Lakini sokoni kuna takataka nyingi, zinazouzwa barabarani bila boksi wala jina. Unaponunua, angalia maandishi ya lumeni kwenye boksi. Lumeni ndiyo kipimo cha mwanga wenyewe, na wati ni kipimo cha chakula. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa karibu lumeni 800, ya 40 ilitoa kama 450. Ukiona boksi limeandikwa wati nyingi bila lumeni hata moja, muuzaji anakuuzia chakula bila kukuonyesha kazi. Nunua dukani, ijaribu hapo hapo, chukua risiti, ulizia ni miezi mingapi inaweza kurudishwa. Ukiweza nunua moja tu kwanza, uiweke mezani pa mtoto anaposoma. Kwa yuniti 7 na zaidi zinazookolewa kila mwezi, balbu hiyo inajilipa kwa miezi michache, halafu yenyewe inasaidia kununua ya pili.

Ukuta nao una kazi. Chumba kilichopakwa chokaa nyeupe kinataka balbu ndogo kuliko chumba chenye moshi ukutani. Na balbu ipanguswe vumbi, lakini izimwe na ipoe kwanza.

Friji ya mtumba

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo akina mama wengi wanapoumizwa.

Friji kuukuu inauzwa kwa bei ya chini, na mnunuzi anafurahi. Lakini bei ya friji inalipwa mara mbili: siku unayoinunua, na kila siku inapowaka. Friji ndogo mpya iliyo nzuri inaweza kutumia kati ya nusu yuniti na 0.7 kwa siku. Kuukuu, mpira wa mlango umelegea na mashine imechoka, inaweza kula yuniti 2. Tofauti ni kama yuniti 39 kwa mwezi. Ukiwa katika lile daraja la tatu, kwa ile bei ya msingi ya 2023, hizo ni zaidi ya shilingi 800 kila mwezi bila kodi. Kwa miaka miwili ni karibu shilingi 20,000. Linganisheni wenyewe na bei za friji ndogo madukani.

Kanuni za mwaka wa 2016 zilileta lebo ya nyota kwa friji na viyoyozi vinavyouzwa nchini, chini ya mamlaka ya nishati ambayo leo inaitwa EPRA. Nyota ni 1 hadi 5, na kadiri zinavyokuwa nyingi ndivyo chombo kinavyokula kidogo kwa kazi ile ile. Ukikuta pia matumizi ya mwaka yameandikwa kwa kWh, hizo kWh ni yuniti zetu hizi hizi. Gawa kwa 12 upate za mwezi. Friji iliyoandikwa 240 itakula kama yuniti 20 kwa mwezi. Muulize muuzaji swali hilo mbele ya watu, utaona anavyoanza kukuheshimu.

Na ambaye hawezi kununua mpya? Asikate tamaa. Chukua noti au karatasi, ifungie kwenye mlango wa friji, nusu ndani nusu nje, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umekwisha na baridi inavuja mchana kutwa. Mpira hubadilishwa na fundi, na mara nyingine kuuosha kwa maji ya sabuni vuguvugu kunatosha, maana uchafu ndio uliouzuia kushika. Sogeza friji mbali na ukuta kiasi cha kiganja, ili joto la mgongoni lipate njia, na upanguse vumbi la zile nyaya za nyuma ikiwa imechomolewa. Isikae karibu na jiko wala juani. Barafu ikinenepa kupita nusu ya upana wa kidole, yeyusha, lakini usiikwangue kwa kisu. Chakula cha moto kipoe kwanza mezani. Wapo wanaozima friji usiku ili kuokoa. Wanachookoa ni kidogo, kwa sababu asubuhi inafanya kazi ya ziada kurudisha baridi, na maziwa na samaki wanaweza kuharibika. Ikiwa ndani hamna kitu, hapo ndiyo izime kabisa na uache mlango wazi.

Jiko, birika, pasi na feni

Koili ya wati 1,000 ikipika maharagwe na ugali kwa saa mbili kila siku inakula yuniti 60 kwa mwezi. Hiyo ni mara mbili ya yuniti za familia nzima tulizotaja juu. Koili yenyewe iko wazi, sehemu ya joto inaenda hewani. Sufuria ya presha ya stima ina wati zile zile elfu moja au karibu na hapo, lakini imefungwa vizuri, na ikishapata presha inajizima na kujiwasha kwa vipindi. Maharagwe yaliyolowekwa usiku yanaiva humo kwa karibu nusu yuniti. Asiyekuwa na uwezo wa kuinunua aloweke maharagwe hata hivyo, afunike sufuria, na aizime koili dakika chache kabla ya chakula kuiva, maana koili hukaa na joto.

Kuchemsha lita moja ya maji kwa birika ya stima kunakula kama sehemu moja ya kumi ya yuniti. Si kubwa. Kosa ni kujaza birika kwa ajili ya vikombe viwili, na kuyachemsha tena kila anapoingia mgeni. Chemsha mara moja, tia kwenye chupa ya chai.

Pasi inakula sana inapoanza kupata moto. Anayepiga pasi shati moja kila asubuhi analipia mwanzo huo mara sita kwa wiki. Mwenye kuzipiga zote Jumamosi jioni, akianza na za pamba nzito na kumalizia na za nailoni pasi ikiwa imezimwa, analipia mara moja.

Ndugu zetu wa bara wana shawa ya maji moto, ile inayofungwa juu bafuni. Hiyo ni wati 5,000 hivi. Mtu mmoja akioga dakika kumi ametumia zaidi ya 0.8 ya yuniti. Watu wanne kila siku ni yuniti 100 kwa mwezi. Sisi wa pwani Mungu ametuhurumia, lakini tumeona watu wakizifunga hata huku, eti ni maendeleo.

Shida yetu ni feni. Pangaboi la wati 70 likizunguka saa kumi usiku linakula yuniti 21 kwa mwezi. Feni ya meza ya wati 45 kwa saa nane inakula kama 11. Siku hizi kuna mapangaboi ya mota mpya yanayotumia kama wati 30, ni ghali kidogo lakini yanafaa kwa anayejenga. Watu husahau kwamba feni haipozi chumba. Inapoza ngozi ya mtu. Kuiacha ikizunguka kwenye chumba kitupu ni kupepea kuta. Na kabla ya feni, tia wavu wa mbu dirishani ili uweze kulifungua upepo wa bahari uingie.

Televisheni bapa ya inchi 32 ina wati kama 50. Kilichofichika ni king'amuzi kilicho chini yake. Vingi vinavuta kama wati 12 hata vikiwa vimezimwa kwa rimoti. Mchana na usiku, mwezi mzima, ni zaidi ya yuniti 8. Zima kwenye soketi.

Nyumba ya vyumba sita, mita moja

Hesabu hizi zina faida kubwa zaidi katika nyumba za kupanga, ambako stima imevunja ujirani mwema kuliko hata maji. Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba sita yenye mita moja.

Chumba cha kwanza anakaa bibi mzee. Ana balbu moja ya LED, redio na simu ya kubonyeza. Anakula yuniti 2 kwa mwezi. Cha pili kina balbu, televisheni na feni: 21. Cha tatu vivyo hivyo, pamoja na king'amuzi kisichozimwa: 29. Cha nne yuko mama anayeuza barafu na juisi, ana friji kuukuu, balbu na televisheni: 69. Cha tano ni vijana wanaopikia koili: 61. Cha sita ni balbu na pasi tu: 6. Jumla ni 188. Desturi ni kugawa sawa kwa sawa, kwa hivyo kila chumba kinalipia 31. Bibi analipia 31 naye ametumia 2. Tena, kwa kuwa mita imepita 100, bibi analipia bei ya daraja la juu kabisa, ile ya wenye nyumba za ghorofa na viyoyozi. Angekuwa na mita yake angekuwa daraja la chini. Hapa hakuna aliyekusudia kumwonea. Lakini ameonewa, na kila mwezi.

Kinachotokea kwa kawaida ni kwamba mwenye nyumba anatoa amri: friji marufuku. Sisi hatukubaliani na amri hiyo. Friji ya yule mama ndiyo riziki yake, ndiyo inayolipa karo. Ukimnyang'anya umemtatulia bibi shida kwa kumtia mwenzake kwenye shida nyingine. Njia iliyo bora ni kukaa kikao, kila mmoja alete vyombo vyake, wati zisomwe mbele ya wote, saa zikadiriwe, na kila chumba kipewe fungu lake. Mwenye kutumia 69 alipie 69. Ataona mwenyewe kama barafu inamlipa, na pengine atapandisha bei kidogo au ataanza kutafuta friji nyingine.

Halafu nyumba nzima ijiulize itashukaje. Vijana wakipata sufuria ya presha, chumba chao kinashuka hadi kama 16. Mama wa barafu akisaidiwa na chama chake kupata friji mpya ya 0.7, anashuka hadi 30. King'amuzi kikizimwa, chumba cha tatu kinashuka hadi 23. Jumlisheni: 2, 21, 23, 30, 16 na 6. Ni 98. Nyumba nzima imeingia chini ya 100, na kila mtu, hata bibi ambaye hakubadilisha kitu, anapata bei ya chini. Kwa hivyo friji ya jirani ni jambo lako pia, na si ujinga kumchangia.

Mita ndogo za kila chumba, zinazofungwa na fundi baada ya ile kubwa, zinasaidia kugawana kwa haki, lakini hazibadilishi daraja, kwa sababu kampuni inaona mita moja tu. Mwenye nyumba anayeweza kuombea kila chumba mita ya kampuni amewafanyia wapangaji wake jambo kubwa. Tangu mpango wa kuwaunganishia wananchi stima ulipoanza mwaka wa 2015, ada ikateremshwa hadi shilingi 15,000, familia nyingi vijijini zilipata mita zao. Wapangaji wa mjini ndio waliobaki wakigawana moja.

Risiti na saa za jioni

Ukisoma risiti ya tokeni utaona pesa zako hazikwenda zote kwa yuniti. Kuna kodi ya VAT, kuna ada ya stima vijijini, na kuna malipo ya mafuta. Haya ya mwisho yanatuhusu. Sehemu kubwa ya stima ya Kenya inatoka kwa mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana, na upepo wa Turkana, ambavyo havichomi mafuta. Lakini kati ya saa moja na saa nne usiku nchi nzima inawasha kwa pamoja, na hapo mitambo ya mafuta mazito huongezwa. Mmojawapo tunao hapa hapa Kipevu, wa megawati 120, uliozinduliwa mwaka wa 2011. Mafuta hayo yanarudi kwenye risiti ya kila mtu. Kwa hivyo pasi na maharagwe yakifanywa mchana, risiti yako haitabadilika kesho, lakini mzigo wa jioni unapungua. Na ukame ukija, kama ule wa 1999 na 2000 ambapo stima iligawiwa kwa zamu, tutajua umuhimu wake.

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao

Kila mwanakikundi aandike namba ya yuniti kwenye mita saa kumi na mbili asubuhi, na tena saa kumi na mbili jioni, kwa siku saba, kwenye daftari. Siku moja azime kila kitu nyumbani, achomoe na friji, kisha aangalie ile taa ndogo nyekundu ya mita inayometameta. Ikiendelea kumetameta baada ya dakika kumi, kuna waya unaovuja au kuna mtu amejiunga kwako. Hapo aitwe fundi aliyesajiliwa au kampuni yenyewe. Mtu asipande juu kukata waya, tumezika watu kwa jambo hilo.

Mje na daftari, na mje na majibu ya maswali haya. Ni chombo gani nyumbani kwako kinakula kuliko vyote, na kinakuletea nini? Katika nyumba mnayoishi, stima inagawiwaje, na nani analipia zaidi ya anachotumia? Chama chenu kikikopesha mwanachama mmoja tu mwezi huu, je, ni afadhali mkopo uende kwa balbu za nyumba kumi au kwa friji ya mtu mmoja?